Nyanya alipika mwenge?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masaka. Natafsiri kumbukumbu za mzee mmoja Mwingereza: jinsi malisho ya kwao yalivyogeuka manjano kwa maua ya dandelioni baridi ilipokwisha, na nyanya yake akiyachuma kutengenezea kinywaji cha kulevya. Nimeandika: "Wakati wa masika nyanya alipika mwenge wa maua." Rafiki yangu wa Mombasa amecheka mpaka basi. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, kilichomvunja mbavu ni huo mwenge. Kwa Kiganda ni pombe, lakini Mswahili anaona moto, kama ule Mwenge wa Uhuru unaokimbizwa Tanzania. Nyanya wa watu umemshikisha mwenge kana kwamba anafungua michezo!

Weka divai. Kwa asili yake ni ya zabibu, ndiyo iliyowatindikia watu kwenye arusi ya Kana, ila siku hizi watu husema pia divai ya ndizi, na ya maua itaeleweka. Mvinyo, tuliloachiwa na Wareno, wengi wangelitumia. Mimi nalikwepa kwa kuwa kamusi za zamani hulipa maana ya pombe kali.

Kazi iko kwenye kitenzi. Mganda akisema okusogola, yaani kutengeneza pombe ya ndizi, msikilizaji anaona mambo yote pamoja: mbidde (ndizi za pombe) zilizoiva, nyasi za kukamulia, mtama uliokaangwa na kusagwa, na ule mtumbwi wa mti ambamo tonto, pombe yenyewe ya ndizi, huchachuka. Kiswahili hukata kazi hiyo vipande. Ndizi huvundikwa, kisha hukamuliwa. Tembo la mnazi hugemwa. Waragi, ile pombe kali ya Uganda, hukenekwa. Kupika pombe ni Kiswahili safi kabisa, hasa pombe ya nafaka, lakini humwonyesha msomaji pipa juu ya mafiga. Huyo nyanya hakukesha motoni. Divai hiyo hutengenezwa kwa kunyofoa petali za manjano na kutupa sehemu za kijani zenye uchungu, kuloweka petali hizo katika maji yaliyochemka, kutia sukari, malimau na hamira, kisha kuiacha ichachuke na kukaa miezi. Basi andika "alitengeneza". Ukiwa na nafasi, mfuate hatua kwa hatua: alinyofoa, akaloweka, akachachusha. Tafsiri yako itanoga zaidi.

Masika si la kuchekwa, ila linapotosha. Waingereza wana desturi ya kuchuma maua hayo tarehe 23 Aprili, siku ya Mtakatifu George. Siku hiyo Masaka mko katikati ya toggo, msimu wenu wa mvua, mvua inanyesha, na hiyo ndiyo masika hasa. Kwao ni miti inachipua baada ya baridi, kwa hiyo majira ya machipuko yatakufaa.

Dandelioni liache lilivyo. Asili yake ni Kifaransa, "jino la simba", kwa sababu ya majani yake yenye meno. Ukilitafsiri hivyo, wanafunzi wako watadhani nyanya alikuwa mganga.