Kiki ndefu haiendi kwenye singeli

Nilianza kutengeneza muziki na gitaa la kuazima na simu ya kurekodia niliyoining'iniza kwenye kamba ya chandarua, chumbani Manzese. Kila nikipiga vizuri, bajaji inapita. Baadaye nikapata kompyuta iliyochoka na toleo la majaribio la FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Lile linakuruhusu kutoa wimbo, ila kazi uliyohifadhi huifungui tena mpaka ulipie. Kwa hiyo biti niliyoianza saa mbili usiku ilibidi iishe kabla sijalala, au kabla umeme haujakatika. Anayeanza namshauri ajibane hivyohivyo hata kama programu kainunua. Nilitoa biti mbovu nyingi, lakini hata mbovu ikishaisha unaweza kuipeleka mtaani ikakuumbua.

Yangu iliniumbua kwenye kigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku. Ilikuwa singeli, ule muziki wetu wa mbio, ya mapigo 220 kwa dakika, kwenye hedifoni tamu kabisa. DJ alipoiweka kwenye spika zake ikavuma kama mashine ya kusaga. Waliokuwa wanacheza wakasimama, mama mmoja akauliza kama kuna waya umechomoka. Hata dakika haikuisha, ikatolewa.

Nikarudi nyumbani kupiga hesabu. Dakika ni milisekunde 60,000. Gawanya kwa 220, kati ya pigo na pigo unabaki na 273 hivi. Kiki yangu (ule mdundo mzito wa ngoma, si zile za wasanii wanaotaka kutrendi) ilikuwa na mkia wa milisekunde 450. Niliitoa kwenye sauti za muziki wa house, ambako mapigo ni kama 120 na kila moja lina nusu sekunde ya kupumua. Kwangu moja haijanyamaza, nyingine imeshaikanyaga. Nikaikata ibaki 150, mwisho nikaufifisha kidogo usitoe kelele ya "tik", na besi nikaishusha kila kiki inapogonga. Usinunue chochote kabla hujafanya hayo.

Na sikiliza mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli, hata kama unauona wa kizamani. Vile vinanda vidogo vya Casio vinalia huko juu kwenye sauti nyembamba, chini kwenye sauti nzito wameachiwa wapiga ngoma. Mimi gitaa nimelihamishia huko juu pia, nalikata vipande vifupi.

Siku hizi biti ikiisha naipeleka kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mwenye sabufa iliyopasuka. Akinyoosha mkono kupunguza sauti bila kusema neno, nachukua flashi yangu narudi kukata.