Maswali na Majibu: Kumrejeshea Afya Farasi Mzee Aliyetelekezwa

Nimepokea farasi mzee aliyekonda hadi mbavu zinahesabika. Je, nimpe nafaka nyingi apate nguvu upesi?

Tafadhali usimpe, kwani huruma ya namna hiyo huwaua farasi ambao tayari wameshaokolewa. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huwa na akiba ndogo ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu; wanga mwingi ukiingia ghafla, insulini hupanda na kuyaondoa madini hayo kwenye damu, na moyo unaweza kushindwa kazi siku chache baadaye, wakati mlezi anadhani hatari imekwisha pita. Anza na lusini kavu (majani ya malisho ya jamii ya kunde), takriban nusu kilo kila baada ya saa 4, mchana na usiku, kisha ongeza kiasi taratibu kwa siku 10 hivi chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Maji safi yasikosekane.

Anakula vizuri, lakini hanenepi, na hudondosha mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu.

Mabonge hayo yanaonyesha kwamba meno yana kasoro. Meno ya farasi huchomoza na kulika maisha yake yote, na uzeeni magego hulegea, hung'oka, au hubaki na ncha kali zinazochana mashavu kwa ndani. Daktari ayasawazishe kwa tupa. Iwapo magego yamekwisha, loweka chakula chake hadi kiwe laini kama uji mzito. Minyoo nayo ichunguzwe kwa kupima kinyesi kabla ya kumpa dawa.

Kwato zake ni ndefu na zimejipinda. Zikatwe zote kwa siku moja?

Hapana. Zipunguzwe hatua kwa hatua, ili kano za miguu zizoee mkao mpya, kisha zitunzwe kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Lini atakuwa tayari kwa mlezi mpya?

Katika kipimo cha Henneke cha mwaka 1983, kinachopima unene wa farasi kwa alama 1 (amekonda kabisa) hadi 9 (amenenepa kupita kiasi), ningesubiri afikie 5, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi, na awe anakubali kuinuliwa miguu bila hofu. Mlezi aelezwe wazi kuhusu meno, dawa na gharama, na kama farasi huyo hafai tena kupandwa aambiwe hivyo. Anayetafuta wa kupanda tu, mimi nisingemkabidhi. Andikianeni kwamba akishindwa kumtunza atamrudisha kwako, wala hatamuuza.