Muulize Ameacha Kufanya Nini

Ndugu matabibu, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii mnaoanza kazi huku Nyanda za Juu Kusini, mgonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, yaani mateso ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, ule unaoandikwa PTSD kwenye majalada, hatawaambia kwamba ana kiwewe. Atakuja akilalamikia tumbo, kichwa, moyo kwenda mbio au kukosa usingizi, na mara nyingi ataletwa na mke au mama aliyechoshwa na hasira zake. Chuoni mlisoma kwamba ugonjwa huu uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari kurudi kutoka Vietnam, na nadhani ndiyo maana vijana wengi huutafuta kwa wanajeshi na wakimbizi tu. Hapa Mbeya mtaukuta kwa utingo, kwa mama lishe na kwa mtoto wa darasa la pili.

Katika mwaka wangu wa pili kazini nilimpokea utingo aliyenusurika baada ya lori lao kukatika breki kwenye mteremko wa Iwambi. Majeraha yalikuwa yamepona. Yeye alisema halali; mkewe akaongeza kwamba anakunywa komoni tangu asubuhi. Nikaandika ulevi, nikampa diazepam, dawa ya kutuliza, na kumwonya aache pombe. Lilikuwa kosa, na si dogo, kwa sababu dawa hiyo haitibu kiwewe, huzoeleka upesi, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Aliporudi baada ya wiki sita, hali ikiwa mbaya zaidi, nilimuuliza swali ambalo sikuwa nimefundishwa: tangu ajali ile, umeacha kufanya nini? Alijibu bila kusita. Alikuwa ameacha kupita barabara kuu, akizunguka kwa miguu mashambani hata mvua inaponyesha; ameacha kukaa kiti cha mbele; na ameacha kwenda gereji alikokuwa akipata vibarua, kwa kuwa harufu ya breki zilizoungua ilimrudisha mteremkoni, mwili ukitoka jasho kana kwamba lori linaserereka wakati huohuo. Pombe ilikuwa dawa aliyojiandikia mwenyewe ili apate kulala.

Tangu siku hiyo swali hilo nimelitanguliza. Kuepuka ni dalili ya kimya kuliko zote, maana mtu huyapanga upya maisha yake kwa ustadi mkubwa, hata majirani wakadhani amekuwa mpole, mvivu au mwenye maringo. Mwanamke aliyeacha kwenda misibani, katika jamii ambayo kutokuonekana msibani ni kosa linalokumbukwa miaka mingi, huenda hana kiburi hata kidogo. Kilio cha pamoja ndicho kinachomrudishia usiku aliovamiwa. Mfanyabiashara aliyeunguliwa na kibanda sokoni hulala na viatu miguuni na hukaa akiupa ukuta mgongo, macho mlangoni. Mama mwingine atakwambia kwamba anamnyonyesha mwanawe lakini hahisi chochote, na ndugu zake wamekwisha kuamua kwamba amekuwa mkatili. Mtoto hasemi kabisa: huanza tena kukojoa kitandani, na akicheza huligongesha gari lake la boksi mahali palepale, mara kumi, ishirini, bila furaha ya mchezo.

Mtapataje nafasi ya kuuliza? Huku kwetu salamu yenyewe inawafungulia mlango. Mnyakyusa anaposema "ugonile" anaulizia namna ulivyolala, hivyo kumuuliza mgonjwa habari za usiku hakumtii aibu. Ulizeni kuhusu ndoto, ni saa ngapi anashtuka, na akishaamka anakagua nini. Akisema amerogwa, msicheke wala msibishane naye. Mwulizeni ilianza lini, kwa kuwa tarehe hiyo mara nyingi huangukia karibu na tukio lenyewe.

Tarehe ina uzito wa pekee. Dalili zinapaswa kuwa zimedumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi, ndoa au masomo kabla ya kuliandika jina la ugonjwa huu, kwani watu wengi hutetemeka na kukosa usingizi katika wiki za mwanzo, kisha hutulia wakiwa miongoni mwa watu wao. Katika siku hizo za mwanzo hakikisheni mtu yuko salama, msikilizeni kwa kiasi anachotaka kusema, na mumuunganishe na ndugu zake. Msimlazimishe kusimulia tukio zima ati atue mzigo. Kusimulishwa kwa nguvu kunaweza kumuumiza upya.

Baada ya hapo kuna tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, na kuna dawa kama sertraline. Yule utingo nilimpeleka kwa mwenzangu mwenye mafunzo ya tiba hiyo. Walianza kwa kusimama mbali na geti la gereji hadi mapigo ya moyo yatulie, wakasogea hatua chache kila wiki. Mwezi wa nne alipanda daladala ya Mbalizi, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akashuka shati limelowa jasho, akavuka barabara na kupanda nyingine ya kurudi.