Ulifukuzwa Kazi Zamani? Namna ya Kulieleza Hilo Kwenye Upekuzi

Ukiitwa kujaza fomu za upekuzi, yaani uchunguzi wa historia na uaminifu wako, kwa ajili ya kazi nyeti kule Mtumba, mji wa Serikali Dodoma, usianze kuhangaika na barua ya onyo ya miaka ile. Hangaika na kile unachotaka kuandika juu yake. Wengi huangushwa na maneno "niliacha kwa hiari yangu", huku faili la mwajiri wa zamani likisema vingine.

Marekani wamechapisha vigezo vyao wazi. Ni vyao, si vyetu, lakini vinaonyesha mpekuzi anavyofikiri. Mwongozo wao wa SEAD 4, wa kuamua nani aaminiwe na siri za serikali, ulioanza kutumika Juni 2017, una vigezo 13, na kigezo E ni cha mwenendo binafsi: kuficha, kudanganya kwenye fomu, kuvunja taratibu za kazi. Fomu yao ya upekuzi, SF-86, haikuulizi tu kama ulifukuzwa ndani ya miaka 7. Inauliza pia kama uliondoka baada ya kuambiwa utafukuzwa, au mlikubaliana uondoke kwa sababu ya tuhuma. Kosa dogo, la zamani, lisilojirudia hupungua uzito. Uongo nao hupungua uzito ukiusahihisha mwenyewe mapema. Ukingoja hadi uonyeshwe barua, umechelewa. Mpekuzi anaogopa kufichwa kwa sababu mwenye siri anaweza kutishwa kwa siri hiyo hadi atoe nyaraka za ofisi.

Makosa hayalingani. Uchelewaji na kujibizana na bosi vinaelezeka. Masurufu (fedha za kazi ulizotanguliziwa) yasiyorejeshwa, risiti za kughushi na posho za safari hewa vinagusa uaminifu wenyewe, na hapo maelezo matupu hayatoshi: onyesha stakabadhi ya fedha ulizorudisha. Vyeti ndiyo kabisa. Aprili 28, 2017, hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na miaka ya utumishi haikumwokoa mtu.

Kabla ya kushika kalamu, kusanya barua ya kuachishwa, muhtasari wa kikao cha nidhamu na cheti cha utumishi. Hicho cha mwisho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kazi inapokoma, hata kama mmeachana vibaya. Kama umefukuzwa juzi na unaona umeonewa, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Uamuzi wa CMA una nguvu kuliko malalamiko yako.

Kazi iliyoisha vibaya usiiruke, wala usinyooshe tarehe za kazi ya kabla na ya baada ili kuziba pengo. Taarifa ya michango ya NSSF itakukumbusha tarehe halisi. Itaweza pia kukuumbua.

Maelezo yenyewe yawe mafupi, sentensi nne au tano: ulifanya nini, lini, ulipewa adhabu gani, ulirekebisha nini. Usimtukane bosi wa zamani (hata kama anastahili), maana naye anaweza kuulizwa. Wadhamini wako waambie ulichoandika, ila usiwafundishe cha kujibu. Majibu yaliyokaririwa hutambulika haraka.

Baki na nakala ya fomu uliyowasilisha. Mahojiano yanaweza kuja miezi kadhaa baadaye, na tarehe utakayoitaja kwa mdomo italinganishwa na ile uliyoandika.