Sukuma mtoto kwanza, mama baadaye

Juzi msomaji aliniandikia: "Kaka, nimenakili mradi wako lakini folda ya maktaba iko tupu. Umeifuta?" Sijaifuta. Mradi una repo mama (repo ni hifadhi ya msimbo), na ndani yake sabmoduli nne, yaani repo nyingine zilizopachikwa humo kama watoto; maktaba ni mojawapo. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ikinakili mama haileti watoto mpaka uiambie: `git clone --recurse-submodules`. Aliyekwisha kunakili ataandika `git submodule update --init --recursive`. Kumjibu hakukunichukua muda, ila swali lake lilinirudisha kwenye usiku nisiopenda kuukumbuka.

Tulikuwa tunatoa toleo jipya. Nilirekebisha maktaba, nikarekodi badiliko, nikapanda hadi repo mama, nikarekodi na huko, nikasukuma (nikapeleka kwenye seva) mama peke yake, nikalala. Sasa, repo mama haibebi msimbo wa sabmoduli. Inashika tu namba ya badiliko moja, zile herufi na tarakimu 40. Asubuhi kila aliyenakili alielekezwa kwenye badiliko lililokuwa kwenye kompyuta yangu tu. Mchangiaji mmoja akaandika mbele ya wote kwamba mradi huu hauna mwenyewe. Mradi nilioulea miaka mitatu! Neno lile linaniuma hadi leo.

Nilipokimbilia kulisukuma badiliko lenyewe, sikuliona. Baada ya `submodule update`, Git hukuacha kwenye HEAD (alama ya badiliko ulilopo) isiyo na tawi, yaani isiyofungwa kwenye mlolongo wowote wa mabadiliko wenye jina. Nilikuwa nimefanya kazi papo hapo, kisha nikahamia `main`, tawi kuu, na badiliko langu likabaki bila tawi. Mikono ilikuwa inatetemeka nilipoandika `git reflog`, amri inayoorodhesha mahali HEAD ilipopita, ndani ya folda ya maktaba. Mstari wa tatu, namba yangu hiyo hapo. Nikaifungulia tawi, nikasukuma.

Tangu siku ile kila kompyuta yangu ina `git config --global push.recurseSubmodules check`: Git hukataa kusukuma mama kama badiliko la mtoto halijafika kwenye seva. Nawe iweke leo, usingoje yakukute. Fungua tawi kabla hujagusa msimbo wa sabmoduli. Sukuma mtoto kwanza, mama baadaye. Ndugu zangu, anayenakili mradi wako amekuamini kwa saa zake. Hana namna ya kujua kwamba kazi imebaki kwako. Kabla ya kutangaza toleo, nakili mradi upya kwenye folda nyingine, uujenge kama mgeni. Mtoto kwanza, narudia.

Yule msomaji amejibu jana: folda imejaa, majaribio yote yamepita. Ile amri ya kunakili nimeihamishia mstari wa kwanza wa README, faili la maelezo ya mradi.