Kosa langu liko chini ya miguu

Swali la wiki: "Ukipata nafasi ya kuijenga upya karakana yako ya nyuma ya nyumba, ungebadilisha nini kwanza?"

Sakafu. Wala sihitaji kufikiri mara mbili.

Wakati wa kujenga, akili yangu yote ilikuwa kwenye kuta, paa na mahali pa kutundika misumeno. Tulishindilia kokoto, tukamwaga zege la sentimita 10, tukalimwagilia maji wiki nzima, na lilipokauka nikamwita jirani aje alione. Kilichokosekana ni nailoni nene chini yake. Fundi aliniuliza mara moja tu. Nikamjibu kwamba hiki ni kibanda cha kazi, si chumba cha kulala.

Miezi michache baadaye nikavuta droo ya chini kutafuta patasi. Zote zilikuwa zimeota kutu, na tumbo la randa limejaa madoa kama ngozi ya chui. Za droo ya juu zilikuwa zinang'aa. Mimi nikalilaumu paa, nikapanda mara mbili kutafuta tundu!

Seremala mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia nibandike kipande cha nailoni sakafuni, kama sentimita 45 kila upande, nizibe kingo zote nne kwa utepe, nikiache mpaka kesho yake. Asubuhi upande wa chini ulikuwa umejaa matone, na zege pale limegeuka rangi. Zege ni gumu kwa macho, lakini ndani lina vijitundu vinavyofyonza maji ya ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa.

Kuvunja sikuwa na ubavu. Nikatandika nailoni juu ya zege, nikaipandisha kidogo ukutani, nikalaza mbao za mbili kwa mbili zilizopakwa dawa bila kuzipigilia chini, maana kila msumari ungekuwa tundu jipya. Juu yake nikafunga plaiwudi ya milimita 18. Kutu ikakoma.

Ila sakafu ilikuwa imepanda karibu sentimita 7, na sikuwa nimeipigia hesabu hiyo. Mlango, unaofungukia ndani, ukagoma. Ikabidi niukate chini. Meza ya kazi nilikuwa nimeifunga ukutani usawa wa kifundo cha mkono nikiwa nimesimama wima, kipimo kinachousitiri mgongo wa mpiga randa. Ghafla ikawa meza ya mtoto. Kuifungua na kuifunga upya juu zaidi kulinimalizia siku mbili na uvumilivu wote niliokuwa nao.

Soketi nazo, ambazo kwa ujinga wa aina nyingine kabisa nilikuwa nimeziweka chini kama za sebuleni, zikawa zinachungulia visigino. Fundi umeme amezihamishia sentimita 130 juu, kwa sababu karatasi ya plaiwudi ikiegeshwa ukutani kwa ubavu inafika 122, nayo huziba kila kilicho nyuma yake.

Kwa hiyo ningeanza hivi: kokoto, kisha mchanga laini ili ncha za mawe zisitoboe, kisha nailoni, vipande vipishane sentimita 30 kwenye maungio na kingo zipande zikutane na kizuizi cha unyevu cha ukutani. Ndipo zege. Kazi ya nusu siku, labda pungufu.

Mengine ningeyaacha yalivyo. Dirisha ni dogo, lakini kuta nimezipaka nyeupe na mwanga unatosha. Paa linapiga kelele mvua ikinyesha, nimelizoea. Mlango tu ndio haujanisamehe. Ule ukingo niliokata sikuwahi kuupaka rangi, basi kila msimu wa mvua unavimba, na nikitaka kuingia lazima niusukume kwa bega.