Pampu ya joto: vyumba baridi, bili juu

Salaam mkuu. Umesema uliondoa boila ya gesi ukafunga pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kupasha maji) ya kilowati 8 kwa rejeta zilezile, yaani paneli za ukutani zinazopitisha maji ya moto kupasha chumba, na sasa maji yanatoka nyuzi 45 lakini vyumba havifiki 20 na bili imepanda. Usikimbilie kulaumu mashine.

Anza na chujio la bomba la kurudisha maji kwenye pampu. Tope la rejeta za zamani hulijaza upesi. Fungua vali zote za rejeta mpaka mwisho, kisha soma mtiririko wa maji kwenye skrini ya pampu. Kilowati 8 kwa tofauti ya nyuzi 5 kati ya maji yanayotoka na yanayorudi zinadai lita 23 hivi kwa dakika. Boila yenye tofauti ya nyuzi 20 ilihitaji robo tu ya hiyo, ndiyo maana bomba kuu la milimita 15 lililoitosha sasa linabana.

Mtiririko ukiwa sawa, tatizo ni rejeta. Wati zinazoandikwa na mtengenezaji hupimwa maji yakiwa na joto la nyuzi 50 zaidi ya chumba. Kwa maji yako, rejeta ya wati 1,000 hutoa kama 350! Badilisha kwanza ile ya chumba kinachobaki nyuma, uweke ya paneli mbili au tatu.

Bili? Angalia kama hita ya umeme ya akiba inawaka ovyo. Iruhusu kwenye baridi kali tu. Na usizime pampu usiku, maana kukimbiza joto asubuhi ndiko kunakoiita hita hiyo.